Nyaraka za Kidijitali na Ufundishaji wa Historia ya Katavi

Sehemu kubwa ya maandishi yanayoeleza historia ya Katavi imehifadhiwa nje ya Katavi. Shajara za wamisionari wa Karema ziko Roma. Majalada ya utawala wa Wajerumani yako Dar es Salaam na Berlin, na karatasi za maofisa wa Kibelgiji waliojenga ngome kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika ziko Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na mabwana shauri wa Kiingereza vimehifadhiwa Dar es Salaam, na nakala zake za filamu ndogo zimesambaa katika maktaba za Ulaya na Marekani. Kwa miaka mingi mwalimu wa Mpanda, Inyonga au Usevya alifundisha historia ya nchi aliyoikanyaga kwa kutegemea kitabu cha kiada ambacho kiliitaja kwa mistari michache, au hakikuitaja kabisa. Kuanzia miaka ya 2000 hali hiyo imebadilika. Nyaraka nyingi zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na mwalimu anaweza kuzisoma kwa simu akiwa shuleni kwake.

Mkoa na majina yake ya zamani

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, makao makuu yakiwa Mpanda. Wenyeji wake wa tangu zamani ni Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Watongwe na Warungwa. Jina la mkoa limetokana na Ziwa Katavi, ambalo kwa masimulizi ya wenyeji ni makao ya mzimu Katabi, anayetambikiwa chini ya mkwaju karibu na ziwa hilo. Wajerumani walilitenga eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1911. Mwaka 1974 likawa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1998 likapanuliwa hadi kufikia kilomita za mraba 4,471.

Kwa kuwa mkoa ni mpya, jina la Katavi halimsaidii sana mtafutaji wa nyaraka za karne ya 19. Katika ramani na vitabu vya wakati huo nchi hii imegawanyika kuwa Ukonongo, Ukawendi, Usowa, Mpimbwe na Karema, na kila mwandishi ameyaandika majina hayo kwa tahajia za lugha yake. Anayefahamu hivyo hupata kurasa nyingi pale ambapo mwenzake atadhani hakuna kitu.

Wasafiri wa miaka ya 1870

Maandishi mengi ya mwanzo yaliyo wazi mtandaoni ni ya wasafiri. Septemba 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Unyanyembe, karibu na Tabora, akashika njia ya kusini kwa sababu vita vya Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, vilikuwa vimefunga njia ya kawaida ya kwenda Ujiji. Msafara wake ulipita Ukonongo na Ukawendi kabla ya kugeukia Malagarasi. Kitabu alichokitoa mwaka 1872 kinaeleza vijiji vyenye maboma ya miti na vita kati ya majirani, na kinamtaja Simba, mtawala wa Usowa. Agosti 1872 David Livingstone naye alitoka Unyanyembe kwa njia ya kusini, akalifikia Ziwa Tanganyika Oktoba, kisha akafuata mwambao kuelekea Ufipa na Ziwa Bangweulu, alikokufa mwaka uliofuata.

Karatasi za Livingstone ndizo mfano mzuri wa kazi ya dijitali. Mwaka 1871 alipokuwa Nyangwe, mashariki mwa Kongo, aliishiwa na karatasi na wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huko. Baada ya miaka 140 maandishi yalikuwa yamefifia kiasi cha kutosomeka. Wataalamu walizipiga kurasa hizo picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, wakautenganisha wino wa Livingstone na wino wa gazeti, na mwaka 2011 shajara yote ikawekwa mtandaoni. Ilipolinganishwa na kitabu cha shajara zake kilichohaririwa na Horace Waller mwaka 1874, ikaonekana kwamba habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871 zilikuwa zimebadilishwa kati ya shajara na kitabu. Mwanafunzi anayeziona kurasa hizo mbili pamoja huelewa mara moja kwa nini mwanahistoria huitafuta hati ya mkono wa kwanza.

Mwaka 2019 iliwekwa pia mtandaoni shajara ya Jacob Wainwright, mmoja wa Waafrika walioubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, alikofia, hadi pwani. Katika mkusanyiko ambao karibu kila kalamu ni ya Mzungu, shajara hiyo ina thamani ya pekee darasani.

Karema

Mahali pa Katavi palipoandikwa zaidi ni Karema. Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier, ofisa wa Kibelgiji, alianzisha hapo kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo cha Mfalme Leopold wa Pili. Kituo kilijengwa kama ngome juu ya mwinuko, ziwa likionekana chini yake. Baadaye kilisimamiwa na Jérôme Becker, ambaye kitabu chake cha mwaka 1887 kinasomeka bure mtandaoni, kisha na Émile Storms, aliyevuka ziwa na kuanzisha kituo cha Mpala mwaka 1883.

Mwaka huohuo wa 1879 Leopold aligharimia jaribio la kutumia tembo wa India kubeba mizigo. Tembo 4 waliteremshwa Msasani wakiongozwa na Frederick Carter, wakapelekwa bara kwa miguu. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi muda mrefu. Juni 1880 Carter na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe, kijiji walichokuwamo kiliposhambuliwa na majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba. Mkasa huo ulizungumzwa sana Ulaya. Hata hivyo, barua na ripoti zilizobaki zinaeleza zaidi vifo vya Wazungu wawili kuliko maafa ya Wapimbwe walioshambuliwa kijijini mwao. Hapo ndipo mwalimu anapaswa kusimama na kuwauliza wanafunzi ni nani aliyeandika, na ni nani ambaye habari zake hazikuandikwa.

Mwaka 1885, baada ya Mkutano wa Berlin, Leopold aliachana na Karema, na kituo kikachukuliwa na Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa ameagiza kila kituo kiandike shajara ya kila siku. Kutokana na agizo hilo Karema ina kumbukumbu ambazo sehemu nyingine nyingi za bara hazina: mvua, njaa, maradhi, watu waliokimbilia misheni na watoto waliokombolewa utumwani. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti, yaani jimbo la kimisionari, tangu 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, aliandika kitabu juu ya watu wa mwambao wa ziwa kilichotoka mwaka 1913.

Mtu wa Karema anayefaa kufahamika na kila mwanafunzi wa Katavi ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe na kusomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu kwa zaidi ya nusu karne, akafia huko mwaka 1956. Aliyasimulia maisha yake mwenyewe katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Simulizi hilo laweza kuwekwa mezani pamoja na shajara za mapadri, mwanafunzi akaona misheni ileile kwa macho ya tabibu Mwafrika.

Majalada ya wakoloni

Wajerumani waliitawala sehemu hii wakitumia hasa kituo cha Bismarckburg, ambacho leo ni Kasanga mkoani Rukwa. Ramani yao kubwa ya koloni, iliyochorwa kwa kipimo cha 1:300,000 chini ya Paul Sprigade na Max Moisel, imewekwa mtandaoni na maktaba kadhaa. Ramani hiyo inaonyesha njia za misafara na vijiji ambavyo vingi vilihama au vilitoweka baadaye. Mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Tabora, maofisa wa Kijerumani walificha nyaraka nyingi kwa kuzifukia ardhini. Zilizofukuliwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndizo chimbuko la mkusanyiko wa majalada ya Kijerumani ulioko Dar es Salaam. Majalada ya wizara ya makoloni yaliyobaki Berlin yamepigwa picha na Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani na kufunguliwa kwa umma.

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Serikali ililazimika kupeleka Geneva ripoti ya kila mwaka, na nyaraka za Shirikisho hilo zilidijitishwa kwa mradi uliofanyika kati ya 2017 na 2022. Ndani ya nchi, mabwana shauri waliandika kitabu kwa kila wilaya: nasaba za watemi, mipaka, desturi, mazao, idadi ya walipa kodi. Hicho ni chanzo kikubwa, ila kinahitaji tahadhari. Utawala wa Waingereza ulitaka kila kabila liwe na mtemi mmoja na mpaka mmoja, na mara nyingi kitabu kiliandikwa ili kuunga mkono mpango huo.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika, Wakonongo wakiwemo, na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale yanayoenezwa na mbung'o. Ripoti za madaktari zinausifu mpango huo kwa kuokoa maisha. Wazee wanasimulia pia mashamba, makaburi na matambiko yaliyoachwa porini, na kwa historia ya Katavi simulizi hizo zina uzito sawa na ripoti.

Reli, risasi na mji wa Mpanda

Mji wa Mpanda ni tunda la mgodi na reli. Madini ya risasi, pamoja na fedha na dhahabu, yaligunduliwa Mukwamba katika miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Uruwira Minerals ikaanza kuyachimba kwa kiwango kikubwa. Ili kuyasafirisha, ilijengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua kwenye Reli ya Kati hadi Mpanda, ikafika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mji ukaendelea kukua.

Nyaraka za kipindi hiki ni za aina nyingine: ripoti za shirika la reli, takwimu za madini, na ripoti za mwaka za Uingereza kwa Umoja wa Mataifa. Kwa kuwa risasi ya Tanganyika ilitoka Mpanda, mwanafunzi anaweza kufuata jedwali la mauzo ya risasi mwaka hadi mwaka na kuona maisha ya mgodi yakipanda na kushuka. Jedwali halitaji kibarua hata mmoja kwa jina. Wajukuu wa vibarua hao wako Mpanda, na wengi wanajua babu alitoka wapi na alilipwa nini.

Makazi ya wakimbizi

Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakimbizi wengi waliingia Tanzania. Katika Katavi ya leo, makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuandika juu ya namna wakimbizi walivyosimulia historia yao. Mwaka 2010 serikali iliidhinisha uraia wa watu zaidi ya 162,000 kutoka makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, na ugawaji wa vyeti ukaanza mwaka 2014. Historia hii bado ina watu walio hai. Nyaraka zenye majina, anwani au mashauri ya mtu binafsi hazifai kusambazwa darasani bila ridhaa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda haki hiyo.

Kutoka kabati hadi skrini

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ilianzishwa mwaka 1963, mwaka wa pili baada ya uhuru, na ikapewa sheria yake mwaka 1965. Kati ya 1967 na 1969 wataalamu kutoka Marburg walisaidia kupanga majalada ya Kijerumani. Sheria ya mwaka 2002 iliunganisha usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka chini ya idara moja. Kabla ya dijitali, njia ya kueneza nakala ilikuwa filamu ndogo, nayo iliwafikia zaidi wasomi wa vyuo vikuu waliokuwa na mashine za kuisomea.

Wazo la kumpa mwalimu hati yenyewe lilikuwapo mapema. Jumuiya ya Wanahistoria Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilitoa vijitabu kwa ajili ya shule, kimojawapo kikiwa mkusanyiko wa kumbukumbu za Vita vya Majimaji uliohaririwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walienda vijijini kukusanya simulizi za vita hivyo na kuzilinganisha na majalada. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichomweka Mwafrika katikati. Kwa upande wa kusini magharibi, Kapepwa Tambila aliandika mwaka 1981 tasnifu juu ya historia ya Mkoa wa Rukwa, ambao wakati huo uliijumuisha Mpanda. Dijitali imerahisisha njia ambayo wanahistoria hao waliifungua.

Somo moja: ziwa na ngome

Faida ya nyaraka huonekana zaidi pale hati kadhaa zinapohusu jambo moja. Kina cha Ziwa Tanganyika ni mfano ulio karibu na kila shule ya Karema. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliuona mto Lukuga, upande wa Kongo, ukiwa umezibwa na majani, akasema ndio mlango wa ziwa. Mwaka 1876 Stanley alifika palepale na kukana kwamba maji yalikuwa yakitoka. Edward Hore na Joseph Thomson walipofika mwaka 1879 walikuta mto unaokwenda kwa nguvu.

Mwanafunzi akisoma hati moja tu, atadhani mwandishi mmoja ni mkweli na wengine ni waongo. Akizipanga kwa tarehe, ataona kwamba kila mmoja aliandika alichokiona. Maji yalikuwa yakipanda nyuma ya kizuizi cha mchanga na majani hadi mwaka 1878, yalipokisukuma na kufungua njia. Kuanzia hapo ziwa lilishuka, na kufikia mwaka 1894 kina kilikuwa kimepungua kwa takriban mita 10. Cambier alijenga ngome yake mwaka 1879, maji yakiwa bado juu. Thomson, aliyemtembelea muda mfupi baadaye, alipakosoa mahali hapo. Maji yakaendelea kurudi nyuma, na ngome iliyojengwa jirani na ziwa ikajikuta mbali na ufuko.

Somo hilo halihitaji vifaa vingi. Mwalimu hupakua kurasa nne mahali penye mtandao mzuri, akazihifadhi kwenye flashi, akazichapa na kutoa kopi katika duka la vifaa vya ofisi mjini. Darasa hugawanywa makundi manne, kila kundi hati moja, kwa maswali yaleyale: nani ameandika, lini, alisimama wapi, alimwandikia nani, na ni jambo gani ambalo asingeweza kulijua. Makundi yakishatoa majibu, hati hupangwa ubaoni kwa miaka. Kisha wanafunzi wa Karema hutoka nje na kukadiria umbali wa boma la zamani hadi majini. Ardhi yenyewe inakuwa hati ya tano.

Vikwazo na wajibu

Kazi hii ina vikwazo. Nyaraka nyingi ni za Kifaransa na Kijerumani, na mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani huwashinda hata Wajerumani wa leo. Programu za kutafsiri husaidia kwenye maandishi yaliyochapwa, lakini hukosea majina ya watu na mahali, hivyo mwalimu mwenyeji anahitajika kuzisahihisha. Maelezo ya picha za kikoloni mara nyingi humtaja Mzungu kwa jina na Mwafrika kwa kabila tu. Kuna lugha ya dharau ambayo mwalimu lazima awaandae wanafunzi kabla ya kuisoma. Si kila hifadhi iliyofungua milango: shajara nyingi za misheni bado husomwa Roma kwenyewe, na majalada mengi ya Dar es Salaam bado ni ya karatasi.

Kikwazo kikubwa kuliko hivyo ni kudhani kwamba historia ya Katavi imeandikwa mbali tu. Rejista za ubatizo, vitabu vya kumbukumbu za shule, mihtasari ya vikao vya vijiji vilivyoundwa katika miaka ya 1970, ramani za mgodi, barua na picha za familia ziko hapahapa, nyingine zikiliwa na mchwa. Simu ya mwalimu inayosoma hati ya Berlin inaweza pia kupiga picha hati ya Inyonga, kwa ruhusa ya mwenye nayo, na kurekodi mzee anayekumbuka kuhamishwa Mpimbwe wakati wa vijiji vya ujamaa. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, wenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, umeleta nafasi ya kufanya hivyo ndani ya ratiba ya shule.

Halmashauri za mkoa, vyuo vya ualimu, parokia na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa zinaweza kuanza kwa jambo moja lililo ndani ya uwezo wao: kukusanya mahali pamoja, kwa Kiswahili, orodha ya nyaraka zote za Katavi zinazopatikana bure, pamoja na nakala chache zilizotafsiriwa vizuri, na kuifikisha kila shule ya sekondari ya mkoa. Walimu wa Katavi wapewe orodha hiyo, na wanafunzi wao wafundishwe kuihoji kila hati kabla ya kuiamini.